Landrova Iliyowekeshwa Machochwe

Idara ya Uamsho wa Mali Zilizolala ilipenda kuwatangazia wananchi wote wa Mugumu, Machochwe na vitongoji vya jirani kwamba, baada ya utafiti wa kina na ziara kadhaa za mafunzo, imefanikiwa kuligundua gari lake.

Gari lenyewe halikuwa limepotea. Lilikuwa pale pale lilipoachwa, Machochwe, ndani ya zizi la Bibi Gati, chini ya paa la nyasi lililoezekwa upya kila lilipoanza kuvuja. Mgeni akiuliza njia ya zahanati aliambiwa, "Ukifika kwenye Landrova, kata kushoto, huwezi kupotea." Watafiti wa Idara nao walielekezwa hivyo hivyo. Wakafika kwenye Landrova, wakakata kushoto, wakaenda kulitafuta gari zahanati. Ndiyo maana utafiti ulikuwa wa kina.

Tangazo lilisomwa sokoni Mugumu na Bwana Elia Nyangwine, Kaimu Mratibu wa Idara. Elia alilisoma kwa sauti ya mtu aliyeligundua gari yeye mwenyewe, chini ya maji. Alikuwa amekaimu muda mrefu sana. Mkewe alikuwa akiitwa Mama Kaimu gengeni, na mtoto wao wa mwisho alikuwa ameandikishwa shule kwa jina la Kaimu, pasipo mtu yeyote kukusudia ubaya. Kwa hiyo Elia aliposikia kwamba Idara itaamsha gari, alijua moyoni kwamba kuna vitu viwili vitakavyoamshwa siku hiyo, na cha pili ni cheo chake.

Sasa ieleweke Landrova ilifikaje kwa Bibi Gati. Enzi zile za sukari ya kupanga foleni, Bwana Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa akitoka kusuluhisha ugomvi wa ng'ombe. Landrova yake ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza mbele ya boma la mume wa Bibi Gati. Jua lilikuwa linazama. Wakaisukuma ndani ya zizi, katikati ya ng'ombe. Bwana Mkubwa akanywa maziwa, akafuta midomo, akasema, "Nitunzieni. Nitarudi kesho." Akapanda lori la pamba, akaenda zake. Uhamisho ukamkuta njiani.

Watu wa kule wanajua mambo ya kuwekeshwa. Mwenye ng'ombe wengi humpa jirani baadhi amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia mbolea, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, hata ipite miaka mingapi. Landrova nayo ilihesabiwa hivyo, ng'ombe wa serikali aliyewekeshwa. Maziwa haikutoa. Mbolea ilitoa, kwa kuwa kuku walihamia ndani siku ya pili.

Mume wa Bibi Gati akafariki. Tembo wa hifadhini nao wakaongezeka, na tembo hajui kusoma kibao cha mpaka. Walikuwa wakinusa mahindi kwenye ghala la fito, wanaliegemea kidogo tu kama mtu anayeegemea mlango wa shemeji, ghala linalala chini. Landrova peke yake hawakuigusa. Labda ni uzito wa bati, labda ni harufu ya oili. Bibi Gati akahamishia mahindi yake mle. Majirani wakaleta mbegu zao. Mwaka huu Landrova ilikuwa imeshiba hadi madirishani, chakula cha boma lake na mbegu za kitongoji kizima. Mashamba yalikuwa meupe, yamekwisha kuvunwa, na nyayo za tembo zilikuwa zimeshaonekana kijitoni. Landrova ikitoka, mwaka mzima unalala nje. Jambo hili kila mtu Machochwe alilijua. Idara haikulijua, kwa kuwa halikuwa kwenye ajenda.

Kwenye ajenda kulikuwa na swali la msingi. Mheshimiwa Nyamhanga, Mkurugenzi Mkuu wa Idara, alilitoa akiwa bado anakoroga chai.

"Kabla hatujaliamsha, wajumbe, tujiridhishe. Limelala, au limekufa?"

Verdiana, afisa itifaki, akaweka sambusa chini. "Kama limekufa, Mheshimiwa, si letu. Litakwenda Kitengo cha Mali Zilizofariki. Na wale wana ukumbi mkubwa kuliko wetu, watafanya sherehe wao."

Kikao kikahuzunika.

"Mheshimiwa," akasema Elia, "gari la serikali haliwezi kufa bila kibali. Kibali hakipo. Kwa hiyo limelala."

"Limelala kwa ruhusa ya nani?"

"Aliyeliacha alisema atarudi kesho. Hakutaja ni kesho ipi. Kwa tafsiri yangu, bado tumo ndani ya muda."

Mheshimiwa alimtazama Elia kama mtu anayetazama koti lake la zamani na kukuta bado linamtosha. Akatangaza kwamba Mgeni Rasmi anakuja kutoka juu kwa ajili ya kilele cha Wiki ya Uamsho, na kwamba atazungushwa uwanjani Mugumu ndani ya Landrova hiyo hiyo, ikiunguruma. "Na wewe Elia, ukiifikisha, hilo neno la mbele ya cheo chako tutalitazama."

Kwa furaha, Elia akatunga mwongozo papo hapo, ili kitengo kingine kisije kuwawahi: mali yoyote ya Idara itakayolala ndani ya boma la mwananchi, hata usiku mmoja, haitaondolewa na mtu yeyote wa cheo chochote ila kwa kuundiwa Kamati. Mheshimiwa akaupitisha bila kuusoma. Kusoma kulikuwa kazi ya walio chini yake.

Kesho yake Elia akapanda pikipiki hadi Machochwe. Alimkuta Bibi Gati anapepeta ulezi mbele ya nyumba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mura. Wewe ni kijana wa nani?"

"Wa Nyangwine, Bibi. Kwetu Tarime, Nyamisangura."

"Nyangwine yule aliyekuwa akikimbia ng'ombe?"

"Huyo ni babu."

"Basi kaa. Mjukuu wa mwoga naye hunywa maziwa."

Elia akaketi, akapewa maziwa ya mgando, akafungua mkoba. Akaeleza kwamba Idara, katika kutekeleza majukumu yake ya msingi, imefanya upembuzi yakinifu na kubaini uwepo wa chombo chenye sura ya urithi ndani ya eneo husika.

Bibi Gati akaendelea kupepeta. "Hayo ni ya mkoba. Sasa sema ya mdomo wako."

"Tumekuja kuchukua gari."

"Na mahindi?"

"Mahindi yatapewa ghala mbadala."

"Liko wapi?"

"Liko katika hatua, Bibi."

"Tembo nao wako katika hatua. Nimeona nyayo zao jana, pale ninapochota maji." Akaweka ungo chini. "Mle mna mbegu za watu, mura. Zingekuwa zangu peke yangu ningesema potelea mbali, nitakula kwa mwanangu. Za watu nitazijibu vipi?"

Elia hakuwa mtu mbaya. Maneno hayo yalimgusa, akaweka maziwa chini. Lakini aliona pia mlango wa ofisi yenye jina lake, bila lile neno la mbele, na ndipo akili ikamjia kutoka mahali ambapo hakuitarajia. Ilimjia kutoka nyumbani kwao.

"Bibi, hii Landrova iliwekeshwa. Au nakosea?"

"Hukosei."

"Na mwenye ng'ombe akija kumchukua ng'ombe wake, mtunzaji hukataa?"

"Hakatai. Akikataa ni mwizi."

"Basi serikali ndiyo mwenye ng'ombe. Imekuja."

Elia alisikia taarifa yake ikijiandika yenyewe kichwani, na kichwa cha habari tayari: Matumizi ya Mila katika Uamsho Shirikishi. Bibi Gati akachukua tena ungo wake. Halafu akageukia uzio.

"Steven. Njoo usikie. Huyu mtu amekuja na mila."

Mzee Steven, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza ritongo, kikao cha wazee pale kitongojini, akaja na kigoda chake mkononi. Majirani wakaja nyuma yake, kwa kuwa mtu wa ofisi kuja na mila si jambo la kila siku. Elia akasimama akarudia hoja yake, mara hii kwa mkono kifuani.

"Kasema kweli," akasema Mzee Steven. "Mwenye mali hazuiwi. Aje mwenyewe, anywe maziwa, achukue mali yake. Na zizi lisilale wazi."

"Lisilale wazi, yaani?"

"Babu yako hakukwambia? Ah. Nimesahau, alikuwa anakimbia." Mzee akakaa. "Ukimtoa ng'ombe uliyemwekesha kwa mtu miaka na miaka, unaacha mwingine wa kulingana naye, kabla jua halijazama. Zizi lililozoea mnyama halilali wazi. Mila haina nusu, kijana. Umeishika mkiani, na kichwa chake ndicho hiki."

"Wa kulingana naye kwa vigezo gani?"

"Ng'ombe kwa ng'ombe. Mbuzi halingani na ng'ombe. Hapa ni chuma kwa chuma. Magurudumu manne, milango ya kufunga, na mgongo ambao tembo akiutazama anaona aibu kuuegemea."

Elia akafikiri. Idara ilikuwa na vyuma vingi. "Idara inaafiki kwa asilimia mia," akasema, kwa sauti ile ile ya sokoni.

"Umesema," akasema Bibi Gati. "Wote wamesikia." Akamwongezea maziwa.

Ofisini jambo lilipokelewa vizuri. Mheshimiwa alicheka hadi akaomba maji, kisha akaunda Kamati Ndogo ya Mbadala chini ya Verdiana. Kamati Ndogo ikateua tela la trekta lililokuwa nyuma ya ofisi, lenye mabati pande zote na magurudumu manne mapya. Wakaliwekea mlango na kufuli. Lilikuwa ghala zuri kweli kweli. Lilikuwa tayari kupelekwa, ndipo Verdiana akainua mkono.

"Mheshimiwa, kuna suala la utaratibu. Pengo haliwezi kuzibwa kabla halijawa pengo. Tukipeleka tela wakati Landrova bado ipo, tutakuwa tumejaza mahali palipojaa."

Hoja ilikuwa nzito, na hakuna aliyeweza kuinyanyua. Ikaamuliwa tela lisubiri.

Kazi ya kuamsha akapewa fundi Hamim wa Mugumu, mtu mcheshi aliyekuwa na imani kubwa katika vyuma na ndogo katika watu. Magunia yakatolewa, yakapangwa nje, na kila jioni yalirudishwa ndani. Hamim akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena polepole.

"Bibi, gari lako lina mayai."

"Gari si langu, ni la serikali. Mayai ndiyo yangu."

"Na hapa penye kabureta kuna nyigu."

"Hao sijui ni wa nani. Waulize ofisini."

Elia, aliyekuwa akisimamia, akaandika: nyigu, umiliki haujulikani.

Ilibidi kuanza na subira. Injini ilikuwa imeshikana kama ngumi ya bahili. Hamim akafungua plagi, akamimina oili humo ndani, akaiacha inywe. Akarudi, akamimina tena. Kila alipokuja alitia hendeli ya kuzungushia injini kwa mbele, akasukuma, haikuzunguka, akakaa akanywa uji wa Bibi Gati, akasema, "Bado haijatuamini." Akaimwaga petroli ya zamani iliyobaki tankini, ikatoka nzito na nyekundu, inanuka kama rangi ya milango. Akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku, na unyoya ulikuwapo wa kutosha. Siku moja hendeli ikasogea upana wa kidole. Hamim akapiga kelele ya chini kabisa, kama mtu aliyeona mtoto anapiga hatua na hataki kumshtua.

Bibi Gati alitazama yote haya kutoka kwenye magunia yake. Hakuchukia. Alikuwa ameitunza Landrova tangu akiwa na meno yote, na alipoona hendeli inazunguka mzunguko mzima, alifuta jicho kwa upindo wa khanga. Halafu akatazama upande wa kijitoni.

"Matairi," akasema Hamim. "Haya yameoza. Nikijaza upepo yatatoa roho."

"Yaagizwe," akasema Elia.

"Yakiagizwa, kilele cha Wiki ya Uamsho kitakuwa cha wajukuu. Pale nyuma ya ofisi yenu kuna tela lina matairi mapya. Yanalingana. Kwa karibu."

Elia alijua lile tela lilikuwa la nini. Alilijua vizuri. Akamwazia Bibi Gati, akawaza mlango wa ofisi, akajiambia kwamba matairi ni ya muda tu, na kwamba tela bila matairi bado ni tela, kimsingi. Akasaini.

Siku ikafika. Idara ilisimamisha upinde wa migomba langoni, ikafunga vitambaa, ikatandika zulia jekundu kutoka kwenye turubai hadi ukingoni mwa mbolea. Magunia yalikuwa yamepangwa pembeni, na Bibi Gati ameketi kando yake kama anayemlinda mgonjwa. Alasiri Mheshimiwa Nyamhanga akawasili ndani ya V8 yake nyeupe, yenye vioo vyeusi, pana kama nyumba ya mke mdogo. Akahutubia.

"Leo tunaamsha chuma. Baadaye tutaamsha fikra."

"Aanze na chuma," akanong'ona Mzee Steven.

Hotuba ilikuwa na sehemu nyingi, na jua halikuisubiri. Ilipokwisha, Hamim akasogea akiwa anajifuta mikono.

"Mheshimiwa, betri ya Landrova bado iko njiani." Ilikuwa njiani kwa namna ya vitu vya Idara, ambavyo huwa njiani hata kama barabara haijajengwa. "Naomba ya V8. Kwa muda tu."

"Kwa muda," akasema Mheshimiwa, na akapungia mpiga picha.

Betri ikatolewa V8, ikawekwa Landrova. Hamim akashika hendeli, akasema bismillahi, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Landrova ikakohoa kikohozi kile kile cha zamani, wazee wakakitambua. Kuku mmoja akatoka dirishani kwa haraka. Moshi ukajaa zizi zima, na ndani ya moshi injini ikaanza kuunguruma, kwanza kwa aibu, kisha kama haijawahi kunyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Hamim akarukia usukani, akakanyaga mafuta, akatoa kichwa nje.

"Asiguse mtu chochote. Betri isitoke. Ikisimama itazimika, na ikizimika, wallahi sijui nilifanya nini mpaka ikawaka."

Mheshimiwa akapanda mbele. Verdiana akapanda nyuma. Simu ikalia: Mgeni Rasmi ameshafika uwanjani Mugumu, amekaa, anatazama saa. Landrova ikasogea hadi lango la zizi, na langoni zilikuwa zimewekwa zile fito nene za kuzuia ng'ombe jioni. Nyuma ya fito walikuwa wamekaa wazee, juu ya vigoda, wanaongea habari za mvua. Hamim akaanza kuizungusha Landrova taratibu ndani ya zizi ili isizimike.

"Elia," akaita Mheshimiwa kila alipopita mbele yake. "Hawa wanataka nini?"

"Mbadala, Mheshimiwa."

Mzunguko mwingine. "Mbadala gani?"

"Ule uliopitisha."

Mzunguko mwingine. "Tela liko wapi?"

"Liko Mugumu juu ya matofali, Mheshimiwa," akasema Verdiana kutoka nyuma. "Matairi yake ndiyo haya tunayotembelea."

Mheshimiwa akaruka chini Landrova ikiwa inatembea, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akawaambia wazee kwamba Idara inathamini sana mila, na kwamba mila italetwa wiki ijayo. Mzee Steven akanyoosha mkono kuelekea jua, ambalo lilikuwa limebakiza kimo cha mwanambuzi juu ya vilima.

"Kuna pikipiki ya Elia," akasema Mheshimiwa.

"Mbuzi," akasema Mzee Steven.

"Kuna lile toroli la mbolea."

"Kuku."

Simu ikalia tena. Bibi Gati akanyanyuka kutoka kwenye magunia, akaja mpaka mbele ya Mheshimiwa, akasimama akiwa amefunga mikono mgongoni.

"Baba, mimi sikukatai. Ng'ombe ni wako, na nimemtunza. Hata nyasi za paa nilikuwa nakata mwenyewe. Lakini tembo wako pale, na usiku ukiingia, mahindi haya na mbegu hizi zitakuwa zao. Wewe utakuwa Mugumu. Niambie ni nani wa kuwajibu majirani."

Mwandishi wa majibu ya Mheshimiwa alikuwa likizo. Mheshimiwa akatazama kulia na kushoto. Na hapo, bila kuagizwa, macho ya kitongoji kizima yakageuka polepole upande mmoja, kama ng'ombe walionusa chumvi. Yakatua kwenye V8.

"Hilo ni gari langu la kazi."

"Tunaliona," akasema Mzee Steven. "Linalingana."

Bibi Gati alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Akabonyeza viti kwa kiganja. "Lina nafasi," akasema.

Simu ikalia mara ya tatu. Wakati mwingine Mheshimiwa angepanda V8 yake akaondoka. Alilijaribu hilo pia. Akaingia, akawasha, na V8 haikusema hata neno, maana betri yake ilikuwa inazunguka zizini pamoja na Hamim. Akatoka, akavuta tai, akatazama jua.

"Liacheni hapa kwa usiku huu," akasema. "Nitunzieni. Nitarudi kesho."

Wazee wakaacha habari za mvua. Hata Landrova ilionekana kushusha sauti.

"Sawa, baba," akasema Bibi Gati. "Kunywa maziwa kwanza."

Akayanywa amesimama, mengine yakabaki kwenye tai. Fito zikatolewa. Landrova ikatoka kwa kishindo kupita chini ya upinde, kuku mwingine akiwa bado ndani, na V8 ikasukumwa kwa mabega ya vijana hadi chini ya paa la nyasi. Elia alisukuma pia. Magunia yakaingia moja moja, viti vikakunjwa, milango ikafungwa. Kwa kweli ilibeba zaidi ya Landrova.

Asubuhi nyayo zilieleza yote. Tembo walikuja, wakala upinde wote wa migomba, wakala na vitambaa, wakakanyaga turubai. Waliizunguka V8, mmoja akaacha alama ya mkonga wenye tope kwenye kioo cheusi, kama mtu anayechungulia ndani ya ofisi. Kisha wakaenda zao. Punje haikupotea.

Mugumu nako mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Mgeni Rasmi alizungushwa uwanjani mara nyingi kuliko ilivyopangwa, kwa kuwa Landrova haikuruhusiwa kusimama. Alipofanikiwa kushuka, akauliza, "Mkurugenzi, ile V8 yako iko wapi?"

"Nimeiacha kijijini, Mheshimiwa. Kwa wananchi."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomponza. Mgeni Rasmi akachukua kipaza sauti. Akasema amezunguka nchi nzima hajaona kiongozi anayewaachia wananchi V8 akapanda gari kuukuu. Akasema huo ndio uzalendo. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo Landrova iwe nembo ya Idara, isilazwe tena zizini, na kwamba Mkurugenzi aitumie kwenda kazini kila siku, asionekane ndani ya gari jingine, ili vijana wajifunze. Uwanja ukapiga makofi. Mheshimiwa Nyamhanga naye akapiga, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama.

Alijaribu. Alimtuma dereva Machochwe na betri mpya, kimya kimya. Bibi Gati akampa dereva maziwa, akamrudisha. "Mwenye ng'ombe huja mwenyewe. Na aje na wa kuacha. Zizi halilali wazi." Wa kulingana na V8 hakuwapo, na Landrova sasa ilikuwa nembo. Akajaribu kwa njia ya amri, na hapo Verdiana akamkumbusha ule mwongozo: mali ya Idara iliyolala ndani ya boma la mwananchi, hata usiku mmoja, haiondolewi na mtu wa cheo chochote ila kwa Kamati. Kamati ikaundwa. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa alikuwa na maslahi.

Kamati ilihitaji mtu wa kudumu, mzoefu, anayejua mila. Ikamteua Elia Nyangwine kuwa Mratibu. Mratibu, basi, bila neno lolote mbele. Mkewe alipoambiwa alilia kidogo, kisha akauliza yule mtoto ataitwaje sasa.

Kikao cha kwanza kilijadili kama V8 imelala au imekufa. Kinaendelea.

Ofisi ya Elia siku hizi iko Machochwe, kwenye kigoda, upande wa kivuli wa zizi. Husimamia. Huhakikisha paa halivuji. Jumamosi moja, msimu wa kupanda ukiwa umekaribia na majirani wakija kuchukua mbegu zao mlango wa nyuma wa V8, mngurumo ulisikika kutoka barabarani. Landrova ikaingia uwanjani mwa boma, Hamim kwenye usukani, Mheshimiwa Nyamhanga pembeni yake ameshikilia mlango uliokuwa umefungwa kwa kamba. Haikusimama. Ikaanza kulizunguka zizi.

"Shikamoo, Bibi," akaita Mheshimiwa dirishani.

"Marahaba, baba. Shuka unywe maziwa."

Akatokomea nyuma ya zizi, akatokea upande wa pili. "Sitaweza, itazimika. Gari langu halijambo?"

"Halijambo. Limeshiba."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama langoni, akingojea Landrova ipite ili aulize njia ya zahanati. Bibi Gati akamwonyesha kwa kidole.

"Umeshafika kwenye V8, mama. Kata kushoto. Huwezi kupotea."

Landrova ikaja tena, vumbi na moshi, tai ya Mheshimiwa ikipepea nje.

"Elia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuzunguka. "Wewe ni mtu wetu. Niambie ukweli. Nitalipata lini?"

Elia akasimama, kwa heshima, kibuyu cha maziwa mkononi. Akangoja imalize mzunguko, ili jibu limfikie lote.

"Kesho, Mheshimiwa."